Mahali pa Kuzeekea

Niliacha shule darasa la tano, mwaka tuliokimbia kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, tukaingia Uganda, na tangu hapo sijajua kukaa. Nimebeba madebe ya maziwa Bwizibwera, nimeosha malori Biharwe, nimechanganya saruji kwa mafundi wa Ruti. Kila nilipofika niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka. Maziwa haya yananywewa wapi? Barabara hii ilipita wapi kabla ya kuwekwa lami? Kwa nini mtaa huu una watoto wengi na ule wa pili una wazee tu wamekaa barazani?

Mwenye nyumba wangu wa Mbarara, mke wa askari, ndiye aliyenitafutia kazi ninayotaka kuisimulia. Alikuwa amezoea kunisikia nikiwahoji wapangaji wenzangu bombani.

“Wewe kijana,” aliniambia, “wewe nauliza watu maswali ya bure. Kuna watu wanalipwa kwa kuuliza. Enda kwao, mimi nipumzike.”

Watu hao walikuwa wa ofisi moja ya mipango mjini. Walitaka mtu wa kuwatafsiria Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, anayejua Kiswahili cha Kongo na Kiingereza cha kuombea maji. Kiingereza changu kilikuwa kimepita cha maji kidogo, nilikiokota barabarani. Wakanichukua.

Aliyeongoza kazi alikuwa dada mmoja Mnyankore, mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya chini na viatu ambavyo vumbi la Nakivale lilivimaliza siku ya kwanza. Nilimwita dada wa mipango. Njiani, ndani ya gari, nilimuuliza tunakwenda kufanya nini hasa, naye akanieleza bila kuchoka, na kwa hilo nilimpenda. Alisema serikali na mashirika wanataka kujua kila kijiji cha makazi kitakuwa na watu gani miaka kumi ijayo: watoto wachanga, wa shule, vijana, watu wazima, wazee. Upande wa makazi anakoishi mama yangu walikuwa na uwezo wa kujenga zahanati moja tu. Itawekwa pale ambapo watoto wadogo na wazee watakuwa wengi.

“Namba tunazo,” alisema. “Tunajua wanaozaliwa na wanaokufa. Hatujui watu wanataka kwenda wapi. Hilo lazima tuwaulize wenyewe.”

Sikumwambia kwamba mama yangu anaishi huko. Niliogopa ataona nimekuja kwa ajili ya mama. Na kweli, nusu ya moyo wangu ilikuja kwa ajili ya mama. Ana presha, na magoti yake yamechakaa. Kituo cha afya anachotumia kiko ng’ambo ya bonde, na mvua ikinyesha bonde hilo linakuwa tope zito. Msimu uliopita alianguka akienda kuchukua dawa. Alilala kando ya njia mpaka mwendesha boda asiyemjua akampakia na kumrudisha. Mimi nilikuwa Ruti nikichanganya saruji. Niliambiwa baada ya wiki nzima.

Mkutano ulifanyika uwanja wa kanisa. Dada wa mipango alichora chini kwa majivu: mviringo wa kijiji chetu, mviringo wa kijiji cha jirani, vijiji vingine viwili, na kwa mbali mviringo mkubwa wa Mbarara. Akazungusha kamba pembeni ya mchoro wote. Kisha akaweka mikebe mitatu. Punje za mahindi ni watoto, maharage ni vijana na watu wazima, vijiwe ni wazee. Kila kaya ichukue punje zake na kuziweka mahali ambapo inaamini watu wake watakuwa baada ya miaka kumi, kila mtu na umri atakaokuwa nao.

Nilitafsiri. Jirani yake mama, mwanamke mnene ambaye ulimi wake unajulikana mpaka sokoni, akasimama mara moja.

“Kwa hiyo batoto ni mahindi, bakubwa ni maharage, sisi bazee tuko mawe?”

“Ndiyo, mama.”

“Hata karanga hamukutupatia! Batu bote ni chakula, mimi peke yangu jiwe. Sawa. Ukinikosea nitakuvunja meno.”

Uwanja ukacheka. Dada wa mipango aliniuliza wanacheka nini. Nilimwambia, naye akacheka, halafu akaonekana kama mtu aliyegundua kosa ambalo hawezi kulirekebisha tena.

Wakaanza kuchukua punje. Wa kwanza alikuwa pasta. Alichukua mawe mawili na konzi ya maharage, akauruka mviringo wetu, akauruka ule wa jirani, akavuka kamba, akaenda mpaka kwenye majani karibu na ukuta wa kanisa, upande jua linakozama. Akainama akaziweka huko.

“Hapa ni Fizi,” alisema, akitaja kwao Kongo.

Waliobaki wakamfuata. Mmoja aliweka Uvira, mwingine Baraka, mwingine alibishana na shemeji yake Minembwe iko karibu na jiwe gani. Walikuwa na furaha. Wamama walikuwa wakionyeshana: hapa ni kwetu, wewe utakuwa jirani yangu tena, utaniletea muhogo. Mama yangu alikwenda polepole kwa sababu ya magoti. Alichukua vijiwe viwili, kimoja chake na kimoja cha baba, akaviweka kwenye majani vikigusana.

Baba alibaki nyuma siku tuliyokimbia. Alirudi kumchukua mama yake mzazi akatuambia tutangulie. Hatujapata habari yake. Wengine walisema alionekana Kigoma, wengine walisema mengine, na mama aliwakaribisha wote chai na hakuamini hata mmoja wa wale wa pili.

Kuku wa yule jirani mnene wakaingia. Hakuna aliyewaona mpaka walipokuwa katikati ya majani wakidonoa.

“Mungu wangu, kuku anakula Fizi!” mtu akapiga kelele.

Tulicheka mpaka dada wa mipango akafuta machozi. Watoto wakafukuza kuku. Mahindi mengi yalikuwa yamekwisha, maharage machache yakabaki, mawe yote yalikuwepo. Nakumbuka mwanamke mmoja ambaye hakucheka. Alitazama mahali punje zake zilipokuwa, akachukua nyingine mkebeni kimyakimya, akaziweka palepale.

Kwenye mchoro, sisi tulikuwa tumeondoka. Kijiji cha jirani, ambacho wenyeji wake walitangulia kufika Nakivale kuliko sisi, kiliweka punje zake ndani ya mviringo wake hadi majivu yakafunikwa.

Baadaye dada wa mipango aliniita ofisini Mbarara. Alikuwa amechora kwenye karatasi kubwa kila kijiji kwa fito za rangi: fito za chini ni watoto, za juu zaidi ni wazee. Alikuwa mkarimu kunionyesha, alijua napenda kuelewa. Kijiji cha jirani kilikuwa kama mti wenye matawi mazuri chini hadi juu. Chetu kilikuwa na fito fupi chini, na juu hapakuwa na kitu.

“Hawa wako wapi?” nilimuuliza, nikaweka kidole pale juu.

“Hakuna. Kijiji hiki kinapungua. Kwa watu wa umri huo hakitakuwa na mtu.”

Nilitafuta ufito wa mama yangu kama mtu anayetafuta sura ya ndugu yake kwenye picha ya shule. Karatasi ilikuwa nyeupe. Nikamuuliza punje zilizowekwa kwenye majani zilihesabiwa vipi. Alisema alihesabu zilizokuwa ndani ya kamba. Zilizotoka ni wanaohama, na kwa wanaohama hajengi zahanati.

“Dada,” nilimwambia, “hao hawahami. Hao wanaomba.”

Hakunielewa, na Kiingereza changu kilinigomea. Nilijaribu tena. Nilimwambia kwamba kila Jumapili, tangu nikiwa mtoto, tunamaliza ibada kwa kuomba mwaka unaofuata utukute nyumbani. Umemuuliza mtu kama huyo miaka kumi ijayo atakuwa wapi. Angejibu nini? Akisema hapa, amekanusha maombi yake mbele ya pasta na majirani wote. Na pasta mwenyewe ndiye aliyetangulia kuvuka kamba.

Alitazama fito zake. Kisha akaniuliza, “Ulijua hili siku ile?”

“Nilikuwa nacheka na kuku,” nilisema.

Alisema ataomba ruhusa turudi. Akaipata. Lakini safari hii, alisema, swali ni lilelile, na lazima kila mtu aweke punje zake mwenyewe. Hawezi kunihesabia watu kwa maneno yangu.

Jioni hiyo nilimweleza mwenye nyumba. Alikuwa anapepeta mchele mlangoni.

“Miaka kumi?” alishangaa. “Banange! Sisi watu ya jeshi hatupangi miaka kumi. Sisi napanga mpaka transfa. Mimi nimezaa huyu Mbarara, yule nimezaa Gulu, na mkubwa yuko wapi saa hii, hata afande hajui.” Akapepeta tena. “Lakini mama yako, huyo aweke jiwe tu. Jiwe ni jiwe.”

Nilipanda kwenda Nakivale siku mbili kabla ya mkutano nikapita nyumba kwa nyumba. Nilieleza kuhusu zahanati, bonde, fito za rangi. Watu walinisikiliza kama wanavyomsikiliza mtu wa bima. Jirani mnene alinikaribisha kwenye kigoda, akanipa uji, akaniacha nimalize kuongea na uji pia.

“Nimesikia,” alisema. “Unataka tuseme tutazeekea huku. Tufie huku. Tuchimbiwe huku.”

“Sijasema kufa, ma mukubwa. Nimesema zahanati.”

“Weye hukai hata ku nyumba ya mama yako siku tatu. Leo Ruti, kesho Biharwe. Unakuja kutuonyesha sisi fasi ya kuzeekea?”

Nilimwambia sitaki mama aende tena ng’ambo ya bonde akaanguke. Hapo akachukua kikombe changu cha uji akaenda kukisuuza, kwa sababu ndiye aliyemvua mama nguo za tope siku alipoanguka.

Aliyewashawishi hatimaye alikuwa pasta. Jumapili alisimama akasema yeye ndiye aliyewatangulia kuvuka kamba, na yeye ndiye atakayewarudisha ndani. Alisema jiwe si kiapo. “Mungu hasomi karte hii, huu mchoro wa majivu,” alisema. “Anajua kwetu ni wapi hata tukiweka mawe kwenye mwezi.” Watu wakaitikia amina, lakini ilikuwa amina ya midomo.

Nilikuwa nalala kwa mama, jambo ambalo lilimshangaza mwenyewe. Usiku nilimsikia akigeuka kwenye mkeka. Asubuhi alinipikia sombe ya majani ya muhogo na ugali mapema mno, saa ya chai.

“Kula, papa,” alisema. Papa, yaani baba, ndivyo anavyoniita akiwa na huruma. “Leo una maneno mingi ya kubeba.”

“Mama, si lazima uende. Magoti…”

“Nitaenda.”

Mchoro ulikuwa uleule, kamba ileile, mikebe ileile. Kuku walikuwa wamefungiwa. Dada wa mipango alirudia maelezo yake, nami nikayarudia nyuma yake, na hakuna aliyetania kuhusu mawe.

Pasta aliweka mawe yake ndani ya mviringo wetu. Alikaa amechuchumaa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akainuka akaenda kusimama mbali, mgongo ukitutazama. Walifuata wengine. Nimehudhuria mazishi mengi Nakivale, na sijawahi kusikia ukimya kama ule. Mwanamke aliweka jiwe lake na kufuta mkono kwenye kitenge, kama aliyegusa kitu kichafu. Mzee mmoja aliweka lake, akalichukua, akaliweka tena upande mwingine wa mviringo, karibu na mahali shamba lake lilipo. Wale waliobishana kuhusu Minembwe walipita mmoja baada ya mwingine bila kutazamana. Punje za mahindi ziliwekwa kwa wajukuu ambao hawajazaliwa, watakaozaliwa hapa na kusoma hapa, na nadhani hizo ndizo zilizouma zaidi, kwa sababu wamama waliziweka kwa vidole viwili, taratibu.

Jirani mnene aliweka jiwe lake akaniangalia. “Haya. Umefurahi?”

“Hapana, ma mukubwa.”

“Vizuri. Usifurahi.”

Mama alikuwa wa mwisho. Alichukua mawe mawili mkebeni kama mara ya kwanza. Akafika kwenye mviringo, akashika goti, akainama, akaweka moja. La pili lilibaki mkononi. Alisimama hivyo, nusu ameinama, na watu wote wakimtazama. Kila mtu pale alijua jiwe la pili ni la nani.

Dada wa mipango alidhani mama amechanganyikiwa. Alisogea karibu kwa upole, akaniuliza kwa Kiingereza, “Mama huyu, kaya yake itakuwa na wazee wangapi?”

Ilikuwa kazi yangu kuuliza. Nilitamani kujibu mwenyewe, nilitamani kusema wawili na mkutano uishe. Lakini mama alikuwa ananitazama, na alikuwa ameelewa swali bila mimi.

“Mama,” nilisema, “anauliza, ku nyumba yako bazee watakuwa wangapi.”

Alininyoshea lile jiwe. Nikalipokea. Lilikuwa la joto.

“Umuambie,” alisema. “Mumoja.”

Nilimgeukia dada wa mipango. Neno lenyewe ni fupi kwa Kiingereza, mtoto wa chekechea analijua. Nililisema. Alilisikia, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuhesabu. Nililirudisha jiwe mkebeni, likagonga mengine. Mama alikuwa ameshaanza kutembea kwenda nyumbani, na hakuna mtu aliyemwita.

Nilibaki kumalizia kazi. Tulihesabu kila mviringo. Mwisho dada wa mipango alifunga daftari lake akasema kijiji chetu sasa kina wazee wengi kuliko cha jirani, na kwamba zahanati, kama mambo yatakwenda alivyotarajia, itakuwa upande wetu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefanya haki. Nilimshukuru, na nilimaanisha.

Nilipokaribia kwetu nilimwona jirani mnene mbele yangu njiani amebeba mkeka kichwani. Nyuma yake mwanamke mwingine na kuni. Kisha mwingine na sufuria. Hakuna aliyewaita. Walipofika uani walitandika mikeka, wakakaa miguu imenyooka, kama wanavyokaa kwenye kilio, na mmoja akaanza wimbo wa kilio. Mama alikuwa ndani. Jirani mnene aliingia, akamtoa kwa mkono, akamketisha katikati.

Hatukuwahi kumlilia baba. Miaka yote hatukuweza, kwa sababu kumlilia ni kumuua. Sasa alikuwa amehesabiwa hayupo, hadharani, na majirani walijua utaratibu kuliko mimi. Mama alilia kwa sauti ambayo sikuijua. Alimwita jina lake la utotoni, ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Alimlaumu kwa kurudi. Alimlaumu kwa kumtii mama yake. Alimuuliza magoti haya atayabeba nani.

Wanaume walifika wakawasha moto uani jua likiwa bado juu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja nje, nikitafuta la kufanya, maji ya kuchota, mtu wa kuita. Pasta alinishika bega.

“Fasi ya mutoto wa kwanza iko pale,” alisema, akionyesha mkeka karibu na mama. “Ukae.”

“Nitaleta kwanza maji.”

“Maji batu bengine bataleta. Ukae.”

Nikakaa. Mama aliegemeza kichwa chake begani kwangu, kizito, kimelowa.

Gari la dada wa mipango lilipita barabarani likielekea Mbarara. Lilisimama alipoona watu. Alishuka, akaja mpaka kwenye ua, viatu mkononi sasa, na kuniona nimekaa mbele ya wote. Uso wake ulibadilika. Alichuchumaa kando yangu.

“Pole sana. Nani amefariki?”

“Baba yangu.”

“Jamani! Na ulikuwa kazini nasi mchana kutwa?” Alinishika mkono. “Lini?”

Wamama walikuwa wanaimba. Nilifikiria mwaka tuliokimbia, nikafikiria wale waliosema Kigoma na wale waliosema mengine. Nilitafuta jibu la kweli ambalo angeweza kulielewa, na kwa mara nyingine Kiingereza hakikunitosha.

“Leo,” nilimwambia. “Wewe mwenyewe ulikuwepo.”